Sahani ya Bruda Seremala

Watu wa mji ule wanaliita jengo lile chuo, na hawakosei. Ndani yake vijana wanajifunza useremala, uashi, ushonaji na kufunga nyaya za umeme, na kelele za randa na cherehani hazikomi mpaka jioni. Lakini ukilitazama vizuri utaona halikujengwa kwa ajili ya kelele. Kuta zake ni nene kupita kiasi. Varanda yake inauzunguka ua wa mraba, kana kwamba waliojenga walitaka mtu atembee sana asifike popote. Vyumba vimepangwa mstari mmoja, kila kimoja na kidirisha chake, na kila kimoja kinatosha kitanda, meza na mtu asiye na mali. Ilikuwa monasteri. Watawa wa Kibenediktini waliishi humo wakisali na kufanya kazi, wakifanya kazi na kusali, mpaka wakapungua, wakabaki wa kuhesabika, na mwishowe akabaki mmoja.

Huyo mmoja alikuwa Bruda Seremala. Aliyempikia mpaka siku yake ya mwisho ni mpishi mkuu wa chuo, mwanamke wa makamo mwenye mikono mipana na ulimi usiojua kupiga kona, ambaye wanafunzi walimwita Mama Bwalo.

Bruda alikuwa na desturi ya kuja jikoni asubuhi akishamaliza sala zake za peke yake. Anavuta kigoda, anachukua kisu, anamenya viazi bila kuombwa, na huku akimenya anasimulia. Mama Bwalo hakuwa mtu wa historia. Shuleni kipindi hicho alikuwa akisinzia mpaka kengele. Lakini mtu anayekumenyea viazi huwezi kumkatalia masikio, kwa hiyo alisikiliza, na polepole akajikuta anaijua ile nyumba tangu msingi mpaka paa.

Alijua kwamba watawa wa kwanza walitoka ng'ambo, wakaja na kengele, majembe na kiburi kidogo. Ukuta wao wa kwanza uliangushwa na mvua. Wakaujenga tena, ukaanguka tena. Fundi mmoja wa hapohapo, aliyekuwa akipita kila siku huku akijizuia kucheka, aliingia siku moja akawaonyesha kwamba matofali ya udongo wa bonde lile hayapelekwi tanuruni kabla hayajakaa juani yakakauka sawasawa. Abate, mkuu wa watawa, alifurahi kiasi cha kuwaamuru watawa wote wapige magoti mbele ya yule fundi. Fundi akatimua mbio, akidhani wanamlaani. Ilibidi wamfuate mpaka kwake kumbembeleza arudi.

Alijua pia habari za vita. Nchi walikozaliwa wale watawa iligeuka kuwa adui, basi wakachukuliwa wote wakafungiwa kambini, mbali huko. Monasteri ikabaki tupu. Walioitunza ni majirani: mmoja aligonga kengele saa zote za sala ingawa hakuna aliyesali, mwingine alikamua ng'ombe. Na habari zilipofika kwamba bruda mmoja amefia kambini, mwanamke aliyekuwa akiwauzia mboga aliingia bwaloni, akafagia, akapangusa meza, akamwekea marehemu sahani yake.

Sahani hiyo ndiyo kiini cha maneno yote haya. Katika nyumba ile mtawa akifa kiti chake hakiondolewi. Mwezi mzima kinabaki palepale mezani, mbele yake msalaba mdogo wa mti, na chakula cha mchana kikiiva marehemu ndiye wa kwanza kupakuliwa, kabla hata ya abate. Wenzake wakishamaliza kula, sahani inapelekwa kwenye dirisha la lango, anapewa mtu wa kwanza mwenye njaa aliyefika. Haulizwi jina. Haulizwi katoka wapi wala kafanya nini na maisha yake. Anakaa kwenye benchi la nje, anakula mpaka anamaliza, anarudisha sahani. Basi, marehemu amekula siku hiyo.

"Na bawabu akimkatalia mtu?" Mama Bwalo aliuliza siku aliyoisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

"Mwezi unaanza upya," alisema Bruda.

"Upya kabisa?"

"Kabisa. Nilipoingia hapa nikiwa kijana, alikuwepo bawabu mmoja mwenye kichwa kigumu. Alifika dirishani mtu aliyewahi kutuchomea ghala. Bawabu akamfungia. Abate hakumgombeza. Kesho yake, tukiwa mezani, akatangaza tu: leo ni siku ya kwanza. Yule mtu akarudi, akafungiwa tena. Leo ni siku ya kwanza. Mama, tulikaa na kile kiti mpaka tukamsahau marehemu sura!"

"Akampa mwishowe?"

"Akampa. Na akalia. Mpaka leo sijui alilia nini."

Watawa walipopungua sana, wakubwa wao waliamua kuwahamishia wazee waliobaki kwenye monasteri nyingine, na majengo yakawa chuo. Bruda Seremala aliomba abaki, afundishe kwenye karakana. Wabenediktini huapa kukaa mahali pamoja mpaka kufa, na yeye alikichukua kiapo kile kama kilivyotamkwa. "Niliapa kukaa hapa," alikuwa akisema. "Sikuapa kukaa na nani." Wakamruhusu, wakamwachia chumba kimoja kati ya vile vya varandani, na humo ndimo alimolala alipoishiwa nguvu.

Siku zake za mwisho Mama Bwalo alimlisha uji kwa kijiko. Asubuhi moja Bruda alikiweka kijiko kando kwa mkono wake mwenyewe.

"Sina ndugu wa kuniwekea sahani," alisema.

"Nitaweka mimi."

"Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima, Bruda."

"Na dirishani?"

"Yeyote atakayekuja."

Bruda akafumba macho kama mtu aliyepakua mzigo. Alifariki wiki hiyohiyo, na walimzika nyuma ya kikanisa, kwenye mstari wa misalaba ya watawa wenzake.

Mama Bwalo alipotamka lile neno, yeyote, hakumfikiria mdogo wake. Alikuwa amejizoeza kutomfikiria, kama mtu anavyojizoeza kuruka ngazi iliyooza. Walizaliwa wawili tu, yeye na huyo mdogo wake wa kiume, ambaye mama yao alimkabidhi amtunze, akambeba mgongoni wakati yeye mwenyewe bado ni mtoto. Mama yao alipougua wakawa wanapokezana zamu. Siku moja ikawa zamu ya mdogo mtu. Dada yuko chuoni na masufuria yake. Kijana akatoka kwenda kununua dawa, njiani akakutana na marafiki, na marafiki wana chupa. Alirudi kesho yake jioni, dawa iko mfukoni. Mama yao alikuwa amekata roho peke yake, mlango umefungwa kwa nje. Makaburini, mbele ya watu wote, dada alimwambia asimtokee tena machoni, na hata akifa njaa asisogelee mlango wake. Watu walimwomba apunguze ukali. Hakupunguza. Yule mdogo akaenda zake, na miaka ikapita bila salamu.

Mkuu wa chuo hakuwa mtu mbaya. Umri wake ulikuwa mdogo kuliko wa Mama Bwalo, alivaa miwani, alitembea kwa haraka, na alikuwa na tatizo la viti. Wanafunzi waliongezeka kuliko viti vya bwaloni, wengine wakawa wanakula wamekaa madirishani. Aibu ya chuo cha useremala kukosa viti aliijua mwenyewe, hakuhitaji kukumbushwa. Tena wajumbe wa bodi walitarajiwa kuja kukagua, na mezani pa walimu palihitajika kila nafasi.

"Mwezi mmoja tu, mama?" aliuliza, alipoombwa kiti kimoja mezani pale kikae kitupu kwa ajili ya Bruda.

"Mmoja tu, Mkuu."

"Haya. Alinifundisha na mimi kushika msumeno. Weka."

Siku ya kwanza wanafunzi walidhani ni mzaha. Mama Bwalo alipakua wali, maharage, na kipande cha nyama kisicho na mfupa, akaiweka sahani mbele ya kiti kitupu, akaweka na msalaba. Kijana mmoja wa uashi, mwenye mdomo mrefu, akauliza mbona nyama ya marehemu ni kubwa kuliko yake.

"Kufa na wewe," alisema Mama Bwalo, "nitakupakulia kama yake."

Bwalo likaangua kicheko, na tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa ile sahani wala kukivuta kile kiti. Vijana wa useremala wakawa wanapunguza sauti wakipita karibu yake. Hawakuambiwa na mtu.

Dirishani walikuja watu wa kila namna. Alikuja mvuta mkokoteni ambaye gurudumu lake limevunjika. Alikuja mama mwenye mtoto mchanga, akala haraka huku akitazama nyuma. Siku moja alikuja bwana aliyefunga tai, viatu vinang'aa, na Mama Bwalo ilimbidi ayameze maswali yake yote kwa pamoja. Yule bwana aliirusha tai begani, akala hadi punje ya mwisho, akarudisha sahani kwa mikono miwili. Aliyekuja mara nyingi ni bibi mmoja mwenye kikapu, mzee wa maneno machache. Akifika wa kwanza anakula, akitanguliwa anasubiri kuona kama kuna ukoko, na Mama Bwalo hakukosa kumpa.

Mambo yakaenda hivyo, shwari kabisa, mpaka mwezi ukawa unaelekea ukingoni. Siku hiyo alifungua dirisha, sahani mkononi, akaona mikono miwili imeshika ukingo wa dirisha. Aliitambua mikono kabla ya uso. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa na kovu la panga, na panga lenyewe lilikuwa la kwao.

"Shikamoo, dada."

Alikuwa amekonda. Mvi zimemwingia mapema, shati limefuliwa mpaka limepoteza rangi. Hakunuka pombe. Mama Bwalo aligundua hilo bila kutaka, na likamkasirisha zaidi, maana alitamani anuke.

Akafunga dirisha.

Akasimama nyuma ya ubao wa dirisha akisubiri ugomvi. Alikuwa nao tayari, miaka yote ile alikuwa akiunoa. Lakini nje hakuna aliyegonga wala kupaza sauti. Alipofungua tena, mdogo wake alikuwa amesogea pembeni, na nyuma yake amesimama yule bibi. Mama Bwalo akainyoosha sahani ikampita mtu mmoja, ikamfikia mwingine.

"Huyu alitangulia, mwanangu," alisema bibi.

"Kula, bibi."

Bibi alikaa akala kwa kuwa alikuwa na njaa, lakini alikula bila raha, na aliporudisha sahani hakusema asante. Mdogo mtu alikuwa ameshaondoka.

Mchana ule Mama Bwalo alisugua masufuria mpaka wasaidizi wake wakaogopa kumsogelea. Alijiambia kwamba Bruda amekufa na wafu hawachungulii dirishani. Alijiambia kwamba mtu anayemwacha mama yake afe peke yake si mwenye njaa wa kawaida, na kwamba hata abate wa zamani angeelewa. Kisha akamkumbuka yule aliyechoma ghala. Aliahidi yeyote. Angeweza kusema yeyote isipokuwa mmoja; mgonjwa yule wala asingeuliza ni nani. Hakusema.

Kesho yake bwalo lilikuwa limejaa. Alileta sahani, akaiweka mahali pake, akanyoosha msalaba. Badala ya kurudi jikoni akabaki amesimama, mikono kwenye aproni, mpaka vijiko vikaanza kunyamaza kimoja kimoja.

"Leo ni siku ya kwanza," alisema.

Wanafunzi wakatazamana. Yule wa uashi alifungua mdomo wake mrefu, akaufunga. Mkuu alikuwa na kijiko njiani kwenda kinywani, akakirudisha sahanini, na baada ya chakula akamwita ofisini.

"Mama, juzi uliniambia zimebaki siku za kuhesabu vidoleni."

"Zilikuwa zimebaki."

"Na leo ni ya kwanza."

"Nilimfungia mtu dirisha, Mkuu."

"Nani?"

"Haulizwi jina."

Mkuu akavua miwani. "Yeye simuulizi. Nakuuliza wewe."

Mama Bwalo akatazama nje, kwenye ua wa mraba, ambako vijana wawili walikuwa wakibeba ubao. "Ni mdogo wangu," alisema. "Tumbo moja."

Mkuu hakuwa amejua kama ana mdogo. Akazisogeza karatasi zisizohitaji kusogezwa.

"Lakini nani angejua? Ungenyamaza, mwezi ungeisha, mambo yakaisha."

"Ningejua mimi. Na bibi mmoja wa kikapu."

"Na wajumbe wa bodi nitawakalisha wapi?"

"Una karakana nzima ya useremala, Mkuu."

Hapo alicheka, hakutaka lakini alicheka. Wiki ile vijana walipewa kazi ya viti, na viti vikatoka, vingine vikichechemea kidogo. Wajumbe walipokuja, mmoja wao, bwana mnene mwenye haraka ya kula, alikielekea kiti cha Bruda kwa kuwa ndicho kilichokuwa imara kuliko vyote. Bwalo zima likakohoa kwa pamoja. Bwana yule akaduwaa, akauona msalaba, akahamia kwenye kimoja cha vile vinavyochechemea, akala kwa tahadhari.

Mwezi wa pili ulikuwa mrefu. Mdogo mtu hakuja dirishani. Siku za mwanzo Mama Bwalo alishukuru. Baadaye akajikamata akifungua dirisha mapema kuliko saa yake. Walikuja wengine, akawapa bila kubagua, akawatazama wakila, lakini jicho lake lilikuwa linawapita linaenda barabarani. Aliona anafanya hivyo, akajichukia, akaendelea kufanya.

Siku moja mlinzi wa lango, mcheshi mmoja asiyeweza kukaa na neno, alimfuata jikoni.

"Mama Bwalo, yule mtu uliyemfungia yupo ng'ambo ya barabara pale, kwenye duka la matairi. Anapakia mizigo. Mchana kengele ikilia, anakaa juu ya tairi anaangalia dirisha lako. Kila siku! Mimi nimemsalimia, ni mtu mpole tu. Nikamwambia na habari ya ile sahani. Nimwite?"

"Usimwite."

"Kwa nini?"

"Sahani haiiti mtu. Mtu ndiye anayekuja."

"Sasa anayekataa kumwita ni sahani au ni wewe?"

Mama Bwalo akamwambia akalinde lango, ndiyo kazi anayolipwa.

Lakini swali lilibaki jikoni. Tusidanganyane, hasira yake ilikuwa haijaisha. Kila alipouona ule mlango akilini, umefungwa kwa nje, damu ilimchemka upya. Na bado alitaka aje. Alimkasirikia, na alitaka aje, na mambo hayo mawili yalikaa ndani yake siku nzima bila hata moja kumtoa mwenzake. Tena alijua vizuri kwamba mwezi ukiisha hivihivi, ahadi itahesabiwa imetimia. Hakuna mtu mwingine aliyekataliwa. Angeweza kumwambia Mkuu aondoe kiti, na asiwe amesema uongo. Ila angejua kwamba sahani ya mwisho ya nyumba ile, baada ya watawa wote wale na vita na kengele na ukuta ulioanguka mara mbili, ilimpita mtu mmoja ikaenda kwa mwingine, na hakuna bruda aliyebaki wa kuwekewa nyingine ili arekebishe.

Siku ya mwisho alipika mwenyewe, wasaidizi aliwaachia kuosha mboga tu. Alimpakulia Bruda wali, maharage, na nyama. Bwalo lilikula kwa utulivu kuliko kawaida. Walipomaliza, Mkuu aliinuka, akausukuma msalaba kidogo ukae sawa, ingawa ulikuwa sawa, akatoka.

Mama Bwalo akaichukua sahani. Alifika dirishani, akaweka mkono kwenye komeo, akauondoa. Akapitia kijilango cha pembeni mwa lango, akatoka nje, akakaa kwenye benchi, kule wanakokaa wanaolishwa. Hakuwa amewahi kukaa pale. Ubao ulikuwa wa moto kwa jua. Sahani akaiweka kando yake, mwisho wa pili wa benchi.

Bibi wa kikapu alikuwa amefika wa kwanza. Aliangalia sahani, akamwangalia mpishi, akaangalia ng'ambo ya barabara, kwenye matairi. Alikuwa mzee, lakini macho yake yalikuwa mazima.

"Mimi leo nimeshiba, mwanangu," alisema, na kikapu chake kilikuwa kitupu kabisa.

"Jikoni chakula kimebaki, bibi. Mlinzi atakuletea."

"Nitakaa naye." Akaenda kuketi kivulini kwenye kibanda cha mlinzi, na mlinzi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakusema kitu.

Mama Bwalo alisubiri. Hakupunga mkono wala kuita. Jambo hilo alilishika mpaka mwisho. Aliangalia mbele tu. Kule ng'ambo mtu mmoja aliinuka kwenye tairi, akakaa tena, akainuka. Akafuta mikono kwenye suruali. Akavuka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Alikaa ukingoni kabisa, sahani katikati yao.

"Mlinzi kaniambia ni ya marehemu."

"Ya Bruda mmoja, fundi seremala. Hukumjua."

"Amekufa lini?"

"Zamani kidogo. Amechelewa kuondoka kwa ajili yako."

Hakujua acheke au asicheke. Aliitazama sahani. "Sistahili, dada."

"Hapa hatuulizi hayo. Kula, kimeshapoa."

Akala. Mama Bwalo alikusudia asimtazame, akamtazama. Alikuwa akila vilevile kama utotoni: maharage kwanza, kisha wali, na nyama kaificha chini ya wali mpaka mwisho ili asiibiwe. Na aliyekuwa akimwibia enzi zile ni yeye dada mtu. Akageuza uso kuelekea barabarani.

"Siku ile, dada," alianza mdogo wake.

"Sijakusamehe," alisema Mama Bwalo. "Nikisema nimekusamehe nitakuwa naongopa, tena kwenye benchi la watawa."

"Najua."

"Maliza nyama."

Akaimaliza. Akaifuta sahani kwa tonge la mwisho, akairudisha kwa mikono miwili, akasimama.

"Asante. Kesho watakuja wengine, sitakusumbua tena."

"Kesho hakuna sahani. Mwezi umeisha."

"Haya, dada."

Akaanza kuvuka kurudi kwenye matairi. Alitembea taratibu, mabega yameshuka, na alikuwa amefika katikati ya barabara Mama Bwalo alipoipata sauti yake.

"Kesho njoo nyumbani!" alisema. "Leo umekula ya marehemu. Kesho utakula ya kwako."

Mdogo mtu akageuka, akasimama palepale kama aliyepigwa na butwaa, mikono inaning'inia. Lori likatokea kwenye kona. Dereva akapiga honi, akapiga tena, na yule mtu hakusogea. Mama Bwalo akaruka kutoka kwenye benchi, sahani ikamtoka ikaanguka ikavunjika vipande, na yeye wala hakuiangalia.

"Toka barabarani, utagongwa!" alifoka. "Nitamwambia nini mama?"